Mkono Juu ya Mkono

Wanangu, nyinyi mliopata watoto karibuni, na nyinyi mnaotoka vyuo vya ualimu kwenda kupokea darasa la kwanza, nawaandikia jambo nililolifundisha maisha yangu yote ya kazi na ambalo bado naona halijasikika vya kutosha. Mtoto hazaliwi na haiba iliyokwisha kutengenezwa, inayongoja umri tu ili ijitokeze. Haiba yake inaanzia nje yake, baina yake na watu wanaomshika, wanaomsemesha, wanaomjibu au wanaompuuza, kisha polepole inahamia ndani na kuwa yake. Wahenga walikwisha kusema mtu ni watu, nasi tunalirudia neno hilo kwenye harusi na misiba. Nataka niwaonyeshe linavyofanya kazi, na ili muone vizuri nitawapeleka mbali, kwenye mji ulioitwa wakati ule Zagorsk, kilometa 70 hivi kutoka Moscow.

Mwaka 1963 ilifunguliwa pale shule ya bweni ya watoto wasioona na wasiosikia. Aliyeongoza kazi yake ya kitaalamu ni Alexander Meshcheryakov, mwanafunzi wa Ivan Sokolyansky, mzee aliyeianza kazi hiyo Kharkiv, Ukraine, miaka ya 1920. Fikirini mtoto ambaye sauti ya mama haimfikii, wala uso wa mama haumfikii. Baadhi ya walioletwa walikuwa wamelazwa kitandani kwa miaka, kwa kuwa ndugu zao hawakujua wafanye nini. Wengine walipendwa mno, wakabebwa mikononi kutwa, wakafanyiwa kila kitu. Matokeo yalifanana kwa namna ya kutisha. Ukimweka mtoto chini, alibaki palepale. Hakupapasa, hakutafuta, hakushangaa. Hata ule udadisi ambao sisi tunadhani kila kiumbe huja nao duniani, Meshcheryakov hakuuona kwa watoto hao.

Kazi ilianzia kwenye kijiko. Mwalimu aliufumbata mkono wa mtoto uliofumbata kijiko, wakachota pamoja, wakapeleka mdomoni pamoja. Mwanzoni mtoto alikataa, akakitupa kijiko, akajikunyata. Mwalimu akarudia, mlo baada ya mlo, siku baada ya siku. Kisha ikatokea, kwa udogo ambao mtu asiye makini asingeuhisi, kwamba mkono wa mtoto ulitia nguvu kidogo kuelekea mdomoni. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Meshcheryakov aliwafundisha walimu wake kwamba mtoto anapotia nguvu yake, hata iwe ndogo vipi, mwalimu apunguze ya kwake kwa kadiri hiyohiyo. Akiendelea kusukuma, nguvu ile changa inazimika kwa kukosa kazi. Akiachia mapema, chakula kinamwagika, mtoto anakata tamaa na hataki tena. Kitendo ni kimoja, mikono ni miwili, na sehemu ya mkubwa inapungua kadiri sehemu ya mdogo inavyoongezeka.

Kutoka kwenye kijiko walikwenda kwenye kuvaa, kunawa, kupanda ngazi. Humo ndimo zilimozaliwa ishara za kwanza: mtoto aliyezoea kusindikizwa mkono hadi mdomoni sasa aliupeleka mwenyewe ukiwa mtupu, ili mwalimu ajue kwamba ana njaa. Baada ya ishara zikaja herufi za vidole zinazosomwa kiganjani, kisha maneno, kisha vitabu vya nukta nundu. Mwaka 1971 vijana wanne waliolelewa katika shule ile waliingia kitivo cha saikolojia cha Chuo Kikuu cha Moscow, na mwaka 1977 wakahitimu.

Wapo wanazuoni wa hukohuko waliokumbusha, na ni haki kukumbusha, kwamba vijana hao hawakuwa katika giza na ukimya tangu kuzaliwa. Mmoja wao, Alexander Suvorov, alipofuka akiwa na miaka 3 hivi, na masikio yakamwacha akiwa na miaka 9 hivi, yaani lugha ilikuwa imekwisha kumfikia. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba Zagorsk ilithibitisha kuwa mwalimu anaweza kumuumba mtu kutoka kwenye utupu. Ninachokichukua mimi ni kidogo kuliko hicho, na kinanitosha: pale ambapo mlango wa macho na mlango wa masikio ilikuwa imefungwa, tuliweza kuona kwa utulivu kile ambacho kwa watoto wengine kinapita haraka tusikione. Utashi wa mtoto ulionekana kwanza ndani ya kitendo alichokifanya pamoja na mtu.

Wazo lililoiongoza mikono ile lilikuwa la zamani kidogo. Lilitoka kwa Lev Vygotsky, aliyezaliwa Orsha mwaka 1896 na kukulia Gomel, katika nchi ambayo leo ni Belarus. Alikuwa mwalimu. Alifundisha shuleni na katika chuo cha ualimu cha Gomel kabla ya kuitwa Moscow mwaka 1924, na huko akafanya kazi na vijana wenzake, Alexander Luria na Alexei Leontiev. Alikuwa na kifua kikuu, nacho kilimuua mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Miaka miwili baadaye watawala wa Kisovieti walipiga marufuku elimu ya makuzi ya mtoto kama ilivyofundishwa wakati ule, na vitabu vyake vikafifia hadi mwaka 1956 vilipoanza kuchapwa tena. Wanafunzi wake ndio walioyabeba mawazo yake katika miaka hiyo, na bila wao nisingekuwa na la kuwaambia leo.

Nyinyi walimu mmelisoma jina lake kwa ajili ya mtihani. Nawaomba mumsome upya kwa ajili ya mtoto aliye mbele yenu. Alisema kwamba kila uwezo wa juu wa binadamu, kukumbuka kwa makusudi, kufikiri kwa maneno, kujizuia, huonekana mara mbili katika makuzi ya mtoto: kwanza kati ya watu, kisha ndani ya mtoto mwenyewe. Mfano wake mmoja ni wa mkono pia. Mtoto mchanga anaona kitu kilicho mbali, ananyoosha mkono kukifuata, mkono haufiki, vidole vinafumba na kufumbua hewani. Kwa mtoto hapo hakuna ishara, kuna kushindwa tu. Mama anaona, anakiokota kile kitu, anampa. Ni mama aliyeupa mkono ule maana, na mtoto, mwenye mkono, ndiye wa mwisho kuijua. Akiisha kuijua, ananyoosha kidole kwa mtu, na kile kitu kinakuwa jambo la wao wawili.

Sasa nendeni mkatazame kwenye foleni ya kliniki, kwenye daladala, sebuleni mwenu. Mkono mdogo unanyooka kuelekea kwa kuku aliyepita, na baba ameinamia simu. Unanyooka tena. Simu siigombi, nami ninayo, na najua kwamba kazi na riziki za wengi wenu zimo humo. Wala sisemi kwamba mkono mmoja usiojibiwa umeharibu mtoto. Nasema kwamba mkono usiojibiwa unabaki kuwa mkono tu. Anaponyoosha kidole, iwekeni simu chini, mfuate kidole chake kwa macho, mtaje alichokiona: huyo ni kuku, anakwenda kwa vifaranga wake. Inachukua muda mfupi sana na haigharimu chochote, na sijui somo lolote la shule litakaloweza kuziba pengo lake.

Nije kwenye sauti. Kila mmoja wenu ana sauti ndani ya kichwa inayomwambia afanye hivi, asifanye vile, anaweza, hawezi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwasikia watoto wadogo wakijisemea peke yao wanapocheza, akaona kwamba hayo ni maneno ya mtu asiyejua bado kuzungumza na wenzake, na kwamba hufa mtoto anapokua. Vygotsky na wenzake waliyasikiliza maneno hayo upya. Waliwapa watoto kazi ya kuchora, kisha wakazusha shida: penseli ya rangi inayotakiwa haipo, karatasi haipo. Maneno ya kujisemea yakawa karibu maradufu. Mtoto mmoja wa miaka mitano na nusu alikuwa akichora tramu, lile behewa linalopita kwenye reli za mjini, na penseli ikavunjika ncha alipofika kwenye gurudumu. Akanong'ona kwamba imevunjika, akaiweka kando, akachukua rangi za maji, akachora tramu iliyovunjika baada ya ajali huku akiendelea kujisemea. Neno alilolitoa kinywani ndilo lililomwonyesha njia. Kwa Vygotsky maneno hayo hayafi. Yanashuka ndani na kuwa fikra.

Na kuna jaribio lake jingine ambalo kila ninapolikumbuka linanigusa. Alimchukua mtoto mwenye kujisemea sana, akamweka kati ya watoto viziwi wasiosema, au kati ya watoto wa lugha asiyoijua. Ungedhani hakuna kitakachobadilika, maana anajisemea mwenyewe. Lakini maneno yalipungua, na kwa watoto wengi waliojaribiwa hivyo yakakatika kabisa. Hata katika kusema peke yake mtoto alihitaji kuamini kwamba pale alipo kuna anayemwelewa.

Kwa hiyo, kijana wangu, ile sauti inayokuambia usiku wa kuamkia mtihani kwamba wewe si wa mambo haya, ilikuwa ya nani kabla haijawa yako? Na wewe mama, wewe mwalimu, jua kwamba maneno unayomwambia mtoto anapokwama hayaishii kwake masikioni. Akikosea hesabu ukamwambia "tazama tena, umeanzia wapi?", baada ya miezi utamkuta amekaa peke yake anajiuliza ameanzia wapi. Akikosea ukamwita mjinga, neno hilo nalo litamrudia akiwa peke yake, katika saa ileile anayohitaji msaada. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo na familia, wanaosimama mbele ya fomu moja mpya na kuganda, na ukizungumza nao kwa upole utamsikia ndani yao mwalimu wa miaka 40 iliyopita akiwa bado ameshika fimbo. Ndiyo maana nawasihi mchunge midomo yenu saa ya kukosea kwa mtoto kuliko saa nyingine yoyote. Saa ya kufaulu kila mtu anajua la kusema.

Kuna jambo ambalo katika nyumba zetu za mjini halisemwi, nami nitalisema wazi. Vygotsky, katika maandishi aliyoyaacha ya mwaka 1929, aliiona haiba kuwa ni mahusiano ya watu yaliyohamia ndani ya mtu. Angalieni uzito wake. Mtoto hachukui tu yale anayoambiwa yeye. Anachukua uhusiano mzima anaoishi ndani yake, pande zake zote mbili, anayeamuru na anayeamriwa, anayekemea na anayekemewa. Sasa nani anashika kijiko nyumbani kwenu mchana? Ni dada wa kazi. Binti aliyetoka kijijini kwao, labda ana miaka 18, labda ameacha mama yake anaumwa. Yeye ndiye anayejibu ule mkono ulionyooshwa, yeye ndiye anayesikia neno la kwanza. Nanyi mnarudi jioni mkamsemesha mbele ya mtoto kama mnavyomfukuza paka jikoni. Mnamnyima mezani nafasi, mnamkata mshahara kwa sahani iliyovunjika, mnamwita kwa kupaza sauti kutoka chumba cha tatu.

Mtoto yupo. Anamwona mtu anayempenda akidharauliwa na watu wanaompenda yeye, na hana namna ya kuvipatanisha vitu hivyo viwili ila kwa kuvimeza vyote. Siku moja atamjibu yule dada kwa sauti yenu, mtacheka kwa sababu ni mdogo, na siku nyingine atajidharau mwenyewe kwa sauti hiyohiyo. Mwiteni dada kwa jina lake. Msalimieni mkiingia. Mwambieni ahsante kwa sauti ambayo mtoto ataisikia. Akimkataza mtoto jambo, msilitangue mbele yake, ngojeni mtoto alale muongee. Mlipeni kwa tarehe mliyokubaliana, na kama ana miaka ya kuwa shuleni, mahali pake ni shuleni. Hilo ni malezi ya mtoto wenu kuliko vitu vya kuchezea vyote mnavyomnunulia. Na hayohayo nayasema kwa baba anayemnyamazisha mama mbele ya watoto, ingawa kwa hilo sitarefusha, mnalijua.

Lakini tahadharini msije mkachukua haya mkadhani kwamba ukiijua nyumba umemjua mtoto. Katika mhadhara mmoja wa miaka yake ya mwisho, Vygotsky alisimulia habari za watoto watatu wa mama mmoja. Mama alikuwa mlevi, na ulevi ulikuwa umemvuruga akili. Akilewa aliwapiga, na safari moja alijaribu kumtupa mmoja wao dirishani. Mdogo kabisa aliishi kwa hofu: alikuwa na kigugumizi, alikojoa kitandani, wakati mwingine sauti ilimpotea kabisa. Wa kati alimpenda mama kwa nguvu na kumchukia kwa nguvu, akararuka kati ya hayo mawili. Mkubwa, wa miaka 10 au 11, alielewa kwamba mama ni mgonjwa. Alimhurumia. Alijua la kufanya akianza fujo, akawalinda wadogo zake, akawa mzee wa nyumba. Vygotsky alitaka wanafunzi wake waone kwamba mazingira hayamgusi mtoto moja kwa moja kama mvua inavyomlowesha kila aliye nje. Yanamfikia kupitia jinsi anavyoyaelewa na kuyaishi.

Hapa nina maneno mawili kwenu. La kwanza ni kwenu mnaosema "mbona na mimi nimekulia nyumba hiyohiyo na nimetoka salama?" Ndugu yako hakukulia nyumba yako. Mlipokuwa mnapigiwa kelele wewe ulikuwa na miaka 11 na yeye 4, wewe ulikuwa na rafiki wa kumkimbilia na yeye hakuwa naye. Usimpime kwa kovu lako. La pili ni kuhusu yule mkubwa, na hili linanikera moyoni zaidi, kwa sababu sisi ndugu na majirani tunalifanya kwa nia njema. Tunamwona binti wa miaka 10 anapika uji, anawabeba wadogo, anamfichia mama aibu, nasi tunamsifu: huyu ana akili ya kikubwa. Vygotsky aliona kwamba mtoto yule mkubwa alikuwa amepoteza furaha nyepesi na mapenzi ya michezo yaliyostahili umri wake. Alikomaa kwa kulipa. Mkimwona mtoto wa namna hiyo darasani, msimwongezee uongozi wa zamu na funguo za stoo. Mpelekeni uwanjani. Kaeni nyumbani kwao jioni mbili kwa wiki, kama ni jirani yenu, ili yeye atoke akacheze.

Walimu wa darasa la kwanza, kwenu nina moja fupi. Lidia Bozhovich, mwanafunzi wa Vygotsky aliyeichunguza haiba ya watoto wa shule kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mtoto wa miaka 7 anayetamani shule hatamani herufi peke yake. Anatamani nafasi mpya kati ya watu, awe mwanafunzi, mtu mwenye kazi ya maana ambayo nyumbani wanaiheshimu. Anakuja na sare iliyopigwa pasi akiwa amevaa nafasi hiyo. Mkimpokea kwa kelele na kiboko katika wiki ya kwanza, herufi mtamfundisha, ila hamu ya kuwa mwanafunzi mtakuwa mmeivunja, na mtaishi naye miaka yote ya shule ya msingi mkimsukuma.

Hata kujijua kunaanzia kati ya watu. Mwaka 1931 na 1932 Luria, yule mwenzake Vygotsky, alisafiri hadi vijiji vya Uzbekistan kuuliza watu maswali. Moja lilikuwa: wewe ni mtu wa namna gani, una kasoro gani? Wapo waliomjibu kwamba wana upungufu wa nguo na chakula. Na wapo waliomwambia kwamba hawawezi kusema juu ya tabia zao wenyewe, awaulize wengine, wao ndio watakaojua. Luria aliyasoma majibu hayo kama dalili kwamba uwezo wa kujitazama ulikuwa bado haujakua. Hapo namheshimu lakini siendi naye. Naona mwanakijiji yule alijibu kwa uaminifu mkubwa kuliko wengi wetu tunaojieleza kurasa mbili kwenye barua ya kuomba kazi. Alitaja mahali ambapo tabia yake inaonekana, yaani machoni mwa waliolima naye. Alichokiona Luria vizuri zaidi ni jambo jingine: wale waliokuwa wamekwisha kuingia mashamba ya ushirika, ambako watu walikaa mikutanoni wakakosoana kazi, walikuwa wameanza kujikosoa wenyewe. Mashamba hayo yalikuwa na uchungu wake mwingi katika historia ya nchi ile, na siyasifii. Nasema tu kwamba kipimo cha kujipima kilitoka kwenye kikao kikaingia kwa mtu.

Basi nanyi fanyeni vikao vyenu. Kuwa na mtu mmoja au wawili ambao umewapa ruhusa ya kukuambia ukweli, na ukae chini usikie bila kujitetea. Daniil Elkonin, mwingine wa watu wa Vygotsky, aliona kwamba katika umri wa kubalehe kinachomjenga kijana kuliko vyote ni mazungumzo ya karibu na rika lake, yale ya kukaa kibarazani usiku mkiulizana nani mwaminifu, nani msaliti, ahadi ni nini. Wazazi huyaona mazungumzo hayo ni uvivu. Mimi nayaona ni kazi. Humo kijana anazijaribu sheria za utu kwa rafiki kabla hazijawa sheria zake. Kwa hiyo, kijana, ukitaka kujua utakuwa nani baada ya miaka 5, sikiliza mnaongea nini mkiwa wenyewe. Kama kila mazungumzo yenu ni kumcheka mtu asiyekuwepo, ujue kwamba unajifunza kujicheka pia, na siku ukianguka hutakuwa na sauti ya kukuinua.

Wazee wenzangu wanapenda kuwaambia samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia methali hiyo ikitumika kuhalalisha makofi, kufungia watoto ndani, kuwachagulia hata rafiki. Nina neno nayo. Samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Hana nguvu yake ya kutia, na anayemkunja hahitaji kusikiliza chochote kwenye vidole vyake. Mtoto anatia nguvu yake, na mlezi asiyeihisi nguvu hiyo, akaendelea kukunja, ataishia na mtu anayengoja kusukumwa. Mnawajua. Wana miaka 30 na bado wanampigia baba simu kuuliza wanunue shati gani. Na mlezi aliyeachia kabisa kwa jina la uhuru, akamwacha mtoto wa miaka 12 ajilee na intaneti, naye amekiachia kijiko mapema, chakula kikamwagika. Legezeni, msiachie. Mpe mtoto wa miaka 6 aoshe vikombe nawe ukiwa karibu, kikivunjika kimoja mkiokote pamoja. Mpe wa miaka 14 pesa ya sokoni ya wiki, mpige hesabu pamoja Jumamosi, na mwezi ujao apige peke yake ndipo akuonyeshe.

Nimebakiza neno kwa yule kati yenu anayesoma haya kwa uchungu, kwa sababu yeye hakushikwa mkono na mtu. Alilelewa kwa zamu, nyumba hii mwaka mmoja, nyumba ile mwaka mwingine, au alilelewa na mtu aliyemkunja. Nisikilize vizuri, mwanangu. Olga Skorokhodova alikuwa mtoto mdogo huko Ukraine ugonjwa ulipomnyang'anya macho na kuanza kumnyang'anya masikio. Alifika kwa Sokolyansky, Kharkiv, akiwa amepita utoto wake wa awali. Mwaka 1947 alitoa kitabu juu ya namna anavyouhisi ulimwengu, na akawa mtafiti katika taasisi ya Moscow iliyochunguza elimu ya watoto wa aina yake, akifanya kazi na yuleyule aliyempokea. Kama haiba inatoka baina ya watu, basi uhusiano mpya nao unaweza kuifanyia kazi, hata ukubwani, ingawa ukubwani inachukua muda mrefu na inataka uvumilivu wa pande zote mbili. Ukisubiri ubadilike kwanza ndipo uende kwa watu, utasubiri sana. Mtafute mtu anayekijua unachokitaka: fundi cherehani wa mtaani kwenu, shangazi anayejua kukaa na wagonjwa, mwalimu mstaafu, mzee wa jumuiya anayejua kusuluhisha watu bila kupaza sauti. Mwambie waziwazi unataka kujifunza nini kwake. Fanya naye ile kazi, usikae pembeni kutazama. Akikukosoa rudi kesho. Na ukiona ameanza kukuachia sehemu ya kazi bila kusema neno, ichukue.